Sinia Lililojibeba

Jumapili jioni Winifred Ackroyd alikaa sebuleni kwake Halifax, Uingereza, sahani ya mkate na maharage magotini, akitazama ule mchezo wa familia ya kitajiri uliotengenezwa upya kwa televisheni, na waigizaji wapya, baada ya miaka thelathini na minane. Ilikuwa sehemu ya pili, saa ya chai. Mtumishi wa kike aliweka sinia mezani, akapangusa mikono, akatoka kwenye kioo cha televisheni na kuketi kwenye kochi la Winifred.

"Miguu imeniua, mama," alisema. "Mle ndani viti vina wenyewe."

Winifred akamsogezea kigoda cha kuwekea miguu, akaenda kuchemsha maji. Marehemu mama yake alitumikia nyumba ya namna ile miaka kumi na tisa, akafa na magoti yaliyovimba, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Kwenye televisheni masinia yaliendelea kuingia yenyewe.

"Sirudi mpaka mtu aulize nilipo," alisema mtumishi. "Hata mmoja. Ila wewe huhesabiki, wewe unajua."

Jumatatu asubuhi jirani yake Doreen akapiga simu.

"Uliiona ile aibu jana, shoga?"

"Niliiona," Winifred akasema. "Yule mtumishi..."

"Maziwa! Wameyatia kikombeni kabla ya chai, kama watu wa kawaida. Nyumba ya bwana mkubwa, enzi zile? Wanatuona wajinga."

Winifred alinunua magazeti matatu yenye maoni ya watazamaji. Wengi walizungumzia maziwa. Mmoja alilalamikia masharubu ya mwana mkubwa, mwingine akasema familia ya mchezo wa zamani ilikuwa na haya zaidi. Alimsomea mtumishi yote, naye akasikiliza huku akimenya viazi, maana kukaa bure kulimshinda.

Ilipofika sehemu ya tano, Winifred, ambaye hakuwahi kulalamika popote, jambo ambalo kwa Mwingereza wa umri wake ni karibu na ugonjwa, akawaandikia watengenezaji kurasa mbili. Binti wa kubeba sinia hayupo tangu sehemu ya pili, aliandika. Mama yangu alikuwa kama yeye, na inaniuma kwamba hakuna anayemtafuta.

Jibu lilikuja na picha ya familia nzima ikiwa mezani. Walimshukuru kwa jicho lake kali. Ni kweli, walisema, maziwa yalitangulia, na kosa hilo limesharekebishwa.

Mtumishi aliisoma barua mara mbili, akaikunja vizuri.

Sehemu ya mwisho, birika likajiinua na kumimina chai, kisha jagi la maziwa likafuata. Doreen hakungoja kesho.

"Sasa wamepatia," alisema kwenye simu. "Kumbe wakitaka, wanawasikiliza watu."

"Wanawasikiliza," Winifred akakubali. Alitamani kulia.

Jumanne alikwenda buchani, akaagiza vipande viwili vya nyama ya kondoo. Mwenye bucha, aliyekuwa akimuuzia kimoja kila Jumanne kwa miaka tisa, akamfungia viwili, wala hakuuliza cha pili ni cha nani.