Aleluya ya Kwaresima

Joto lilikuwa limeilalia Garissa tangu alfajiri, na ndani ya kanisa dogo la kigango cha kando ya Mto Tana, Mama Nzilani alikuwa akipigana na usingizi. Tangu jana mama wa watu alikuwa akifagia, lakini vumbi la kiangazi halina adabu: ukilitoa mlangoni, linaingilia dirishani.

Kilichomuuma si vumbi. Padri Munyoki alikuwa amekuja kufunga kigango. Walimu walikuwa wamehamishwa, wauguzi nao, mafundi wamerudi makwao. Waumini waliobaki ungewapakia kwenye bodaboda moja, na kwaya nzima ilikuwa yeye peke yake. Baada ya Misa hii ya Kwaresima, Padri angechukua Ekaristi arudi nayo parokiani. Na Mama Nzilani ameimba hapa tangu alipoletwa kutoka Mwingi akiwa bibi harusi! Sasa aende wapi?

"Leo mawingu iko mingi," Fatumo, jirani yake Msomali muuza maziwa, alikuwa amemwambia asubuhi. Fatumo alikuwa na saumu ya Ramadhani, Mama Nzilani na mfungo wake wa Kwaresima, na kila siku walitaniana ni nani atakayezimia kwanza. "Mvua ikikuja, huyo badri yako atarudi aje?"

Mahubiri yakambembeleza mpaka akasinzia. Usingizini viti vikajaa. Mwalimu Kilonzo aliyehamishwa alikuwa mahali pake, na marehemu mumewe na ngoma yake magotini, wote kimya, wakimngoja yeye aanzishe. Harufu ya udongo uliolowa ikapita katikati yao polepole. Halafu bati likalia ti, ti, ti, kisha likavuma kwa kishindo. Mvua!

"Aleluya!" akaanzisha Mama Nzilani kwa sauti yake yote.

Lo! Neno ambalo Mkatoliki haliimbi tangu Jumatano ya Majivu hadi mkesha wa Pasaka. Hata mtoto wa katekisimu analijua hilo. Akafumbua macho. Viti vilikuwa vitupu, na Padri amesimama, mkono umebaki hewani.

"Mama! Tuko Kwaresima."

Aibu ikampanda, kisha hasira ikaipita aibu. "Najua, Baba. Lakini Pasaka utakuwa umefunga. Nitaiimbia wapi? Niache niimbe yangu sasa."

Akaimba, ubeti baada ya ubeti, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, huku mvua ikimpigia bati. Padri hakumkatiza. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaendelea na Misa kana kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa.

Baada ya komunyo alishika chombo cha hostia, akakitazama kwa muda mrefu. Akakirudisha ndani ya tabenakulo, kisanduku cha kutunzia Ekaristi, akakifunga kwa ufunguo.

"Mama Nzilani," alisema, "hiyo Aleluya usiiimbe tena mpaka Pasaka. Utaiimba nikiwa hapa."