Ulimi wa Kuazima

Wateja walimwita Fundi, ingawa hakuwahi kujenga ukuta wala kushona kitu. Alikuwa mhudumu wa kaunta katika hoteli iliyokuwa kwenye mzunguko wa barabara kuu, ghorofa ya chini, penye viti virefu na kioo kipana nyuma ya chupa. Yeye ndiye aliyeachiwa kuchagua maji ya soda na toniki, yale maji machungu yenye kwinini kidogo ambayo wageni hupenda kutiliwa kipande cha ndimu. Watu wengi hudhani maji ya soda ni maji ya soda tu. Fundi hakudhani hivyo. Alijua yapo yenye chumvi, yanayofaa kuchanganywa na juisi lakini yakinywewa matupu yanakausha koo. Yapo ambayo gesi yake hutoka kwa pupa, ikaisha kabla mgeni hajanyanyua glasi, na yapo yanayotulia yakipanda kidogo kidogo mpaka tone la mwisho. Alikuwa akimimina, anainamisha sikio, anaonja, anatema pembeni, anaonja tena. Wahudumu wenzake walimcheka, kisha hoteli ikanunua alichosema.

Mkewe alikuwa fundi kweli, fundi wa cherehani. Alishona sare za shule na mapazia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, dirisha likiwa wazi ili wateja wamwone. Hakuwahi kuonja pombe na hakuipenda kazi ya mumewe.

"Kule kwenu mnachanganya maji na majini," alizoea kumwambia.

Mume alirudi wakati mke amelala, na mume alipoamka mke alikuwa tayari ameinamia cherehani. Binti yao wa pekee alikuwa mwalimu katika mji wa mbali. Hawakuwa wamegombana, wale wawili. Walikuwa wamezoeana tu, mpaka wakaacha kutazamana.

Ndipo Fundi akapata kidonda chini ya ulimi, kisipone. Alifanyiwa upasuaji, kisha akapigwa mionzi ya shingo wiki baada ya wiki, ngozi ikabadilika rangi, mate yakamkauka. Mwishowe daktari alisema wamefanikiwa, kilichobaki ni kumwangalia. Kidonda kilikuwa kimefunga, lakini ladha ilikuwa imeondoka nacho. Chai ikawa maji ya moto. Ndizi ikawa kitu laini cha kutafuna. Sukari ikawa mchanga.

"Huenda ikarudi," daktari alimwambia. "Kwa wengine hurudi, kwa wengine hairudi."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akarudi kazini, asimwambie mtu.

Mkewe aligundua mchana mmoja. Alikuwa ametia chumvi kwenye supu, akaitwa dirishani na mteja, aliporudi akatia tena. Fundi alimaliza bakuli lake.

"Tamu," alisema. "Niongeze kidogo."

Mkewe alikuwa ndiyo kwanza anapeleka kijiko chake mdomoni. Alikitema ndani ya kiganja. Akamtazama mumewe, na ilikuwa muda mrefu hajamtazama hivyo.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinizungushe, bwana. Tangu lini huonji kitu?"

Fundi alisukuma bakuli. "Tangu mionzi."

"Na kazini?"

"Mikono inajua vipimo. Hakuna aliyeshtuka."

Mkewe aliimwaga ile supu, akapika nyingine, na mumewe akaila hiyo pia ingawa kwake zote zilikuwa sawa.

Haukupita muda meneja wa hoteli, mama mmoja mpole wa sauti ya chini, akamwita Fundi ofisini. Kiwanda kilichowauzia maji ya soda kilikuwa kimefungwa, na mawakala wa viwanda vingine walikuwa wamejaza stoo chupa za kujaribia.

"Chagua wewe kama kawaida," meneja alisema. "Nataka toniki ya mtu anayekunywa hivi hivi, toniki ya kuchanganyia, na maji ya soda yasiyoniaibisha. Nakuamini kuliko mimi mwenyewe."

Hapo angeweza kusema. Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Sawa, mama."

Siku yake ya mapumziko alifika nyumbani na kreti mbili, akazipanga chupa kwenye friji mpaka mboga zikakosa nafasi. Mkewe alisimama mlangoni, tepu ya kupimia ikiwa shingoni.

"Sasa umenihamishia baa nyumbani?"

"Humu hamna ulevi hata tone," Fundi alisema. "Nina jambo la kukuomba, mama. Naomba uniazime ulimi wako."

"Ulimi wangu huu? Uliokuwa ukiulalamikia miaka yote?"

"Huo huo."

Mkewe alicheka, halafu akaona uso wa mumewe, akavuta kiti.

Fundi alipanga glasi mezani. Alimwonyesha namna ya kuinamisha glasi wakati wa kumimina ili gesi isikimbie, na kwa nini chupa lazima iwe baridi sana, maana maji ya vuguvugu hayashiki gesi. Alimwambia aanze na maji ya soda matupu, asimeze haraka.

"Unaonja nini?"

"Maji yanayochoma."

"Kila maji ya soda yanachoma. Yanachoma vipi?"

Mke alifumba macho. Hakuwa na maneno ya baa, ila alikuwa na maneno yake. "Haya ni kama gunia," alisema. "Mapovu makubwa, yanakwaruza." Akachukua glasi ya pili. "Haya ni kitambaa cha bitana, kile cha ndani ya koti. Laini, hata hujui yamepita." Ya tatu akakunja uso. "Haya yana chumvi. Kama shati la mtu aliyetoka kubeba mizigo."

Fundi naye alikunywa kutoka glasi zile zile. Ladha hakuipata, lakini mapovu aliyasikia. Yalimchoma ulimini na kwenye kaakaa kama zamani. Wakagawana kazi: yeye aliangalia mapovu, mkewe akaangalia ladha. Waliweka barafu wakangoja kuona yapi yatakufa mapema. Wakachanganya na juisi ya chungwa, kisha na ndimu.

Walipofika kwenye toniki, mkewe alimeza funda moja akaruka kutoka kitini.

"Mungu wangu! Hii ni dawa! Hii ndiyo mama alikuwa akinibana pua aninyweshe nilipokuwa na homa! Watu wanatoa pesa zao kwa hii?"

Fundi akacheka. Alicheka mpaka akashika shingo kwa maumivu, mkewe akacheka kwa kumwona anacheka. Jirani alichungulia kuuliza kuna nini.

"Kaa, jaribu nyingine," Fundi alisema akipangusa macho. "Uchungu si kitu kimoja. Kuna unaokupiga kofi ukaondoka, na kuna unaokuja nyuma ya utamu taratibu, ukabaki. Mtu anayekunywa matupu mtafutie huo wa pili, na sukari isizidi. Ule wa kofi ndio wa kuchanganyia, maana ukiutilia vitu vingine bado unasikika."

"Na wewe uliupenda upi?"

Fundi alifikiri. "Wa pili," alisema. "Nilikuwa naunywa nikifunga kaunta. Peke yangu."

Mkewe hakujua hilo. Miaka yote hakuwahi kumuuliza anakunywa nini.

Siku zake za mapumziko zilizofuata waliendelea hivyo, mezani, dirisha la mbele likiwa limefungwa na wateja wakigonga bure. Walizungumza mengine pia. Fundi alimsimulia habari za mgeni aliyekuja kila jioni akaagiza glasi mbili, moja yake na moja ya marehemu mkewe. Mke naye alimsimulia jinsi anavyowajua waliofiwa kabla hawajasema, kwa kuwa huleta nguo nyeusi wakiomba zipanuliwe haraka. Binti alipopiga simu aliwakuta wanazungumza wote kwa pamoja, akauliza kama wako salama.

Chaguo likafanyika, meneja akaridhika, wageni wakasifu. Kwa muda mfupi Fundi alitembea kama mtu aliyepona.

Kisha siku moja alasiri alimmiminia mgeni mmoja maji ya soda na juisi ya ndimu kutoka kwenye jagi lililokaa nje ya friji tangu juzi yake. Zamani angelionja, au pua ingemwambia, lakini pua nayo ilikuwa imedhoofika. Mgeni alinywa, akatema kwenye leso, akapaza sauti. Meneja alikuja, akaonja jagi, akamtazama Fundi.

"Hukusikia kwamba imeharibika?"

"Sisikii ladha yoyote, mama," Fundi alisema. "Tangu nilipotoka hospitali."

"Na zile toniki?"

"Alichagua mke wangu. Mimi nilimuuliza maswali tu."

Meneja hakukasirika, na labda angekasirika ingekuwa nafuu. Alimshika bega, akasema atamtafutia kazi ya stoo, ya kupokea mizigo. Fundi alishukuru. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kaunta, akaenda nyumbani mchana kweupe. Stoo alifanya kazi miezi michache. Kila alipotaka kwenda chooni ilibidi apite mbele ya kaunta, na kijana aliyechukua nafasi yake alikuwa akimwamkia kwa heshima iliyomuumiza.

Ugonjwa ulirudi kabla hajaizoea stoo. Safari hii ulikuwa kooni, na daktari hakutaja tena mambo ya kufanikiwa. Binti alikuja, akakaa wiki mbili, akarudi kazini akilia. Mke alisogeza cherehani chumbani ili ashone akimwona mgonjwa.

Taabu kubwa ilikuwa maji. Kila Fundi alipomeza maji ya kawaida yalimpalia, akakohoa mpaka akageuka rangi, akaanza kuyaogopa. Midomo ikampasuka. Muuguzi aliyekuwa akija nyumbani ndiye aliyetoa wazo.

"Jaribuni maji yenye gesi. Kwa baadhi ya wagonjwa yanapita vizuri zaidi, koo linayahisi yakija. Awe ameketi wima, na iwe kidogo kidogo."

Mke alienda dukani mwenyewe. Muuzaji alimwekea chupa ya kwanza iliyokuwa karibu.

"Hiyo ina chumvi," alisema. "Mgonjwa wangu ana vidonda mdomoni."

"Hii je?"

"Hiyo ni gunia."

"Ni nini?"

"Mapovu makubwa. Nataka yenye mapovu madogo, isiyo na sukari wala chumvi. Ile ya kizibo cha bluu, kule juu. Nipe zote."

Nyumbani aliifungua taratibu, akaacha gesi ipungue kidogo, akamimina kwa kuinamisha glasi, akaonja kwanza. Akamwegemeza mumewe kifuani mwake, akamnywesha kwa kijiko. Fundi alimeza, wote wawili wakangoja kikohozi. Hakikuja. Akameza tena.

"Bitana," alisema kwa sauti iliyokwaruza.

"Ndiyo, bitana."

Wiki hizo za mwisho aliishi kwa maji yale na dawa ya maumivu. Mke naye alikuwa amezoea toniki, ile ya uchungu wa taratibu, akawa anakunywa glasi moja akiwa kwenye cherehani. Asubuhi moja mumewe alimwonyesha glasi ile kwa kidole.

"Hii itakuunguza, baba."

Akaonyesha tena. Mke akachovya ncha ya kijiko, akamdondoshea tone moja ulimini. Fundi alifumba macho. Alikaa hivyo, kisha akayafumbua yakiwa yamejaa maji.

"Chungu," alisema.

"Unasikia?"

"Chungu, mama. Chungu kabisa." Na uso wake uliokuwa umebaki mifupa ukatabasamu.

Mke alipiga magoti kando ya kitanda akambusu mkono. Hakujua kama ni kweli ladha ilikuwa imerudi, au mumewe aliamua kumpa furaha moja kabla ya kuondoka. Alitaka kumuuliza, akaogopa jibu, akamdondoshea tone jingine. Baada ya hapo Fundi alilala kwa dawa, na hakuongea tena. Alifariki siku iliyofuata, cherehani ikiwa na shati lililoshonwa nusu.

Binti alifika usiku ule akiwa amechelewa. Baada ya mazishi, watu walipotawanyika na viti vya kukodi vilipokuwa vikirudishwa kwenye gari, aliketi miguuni pa mama yake.

"Mama, baba alisema nini mwisho?"

"Alisema, chungu."

Binti akaufunika uso kwa mikono. "Maskini baba yangu. Aliumia mpaka mwisho."

"Hapana, mwanangu, si uchungu huo. Alikuwa anafurahi."

Binti alikuwa ameshaanza kulia, na mama aliona kwamba ili amweleweshe ingebidi aanze mbali, kwenye supu na kreti na zile siku dirisha lilipofungwa, na nguvu hizo leo hakuwa nazo. Alimlaza kichwa mapajani, akaanza kumfungua nywele alizokuwa amezisuka kwa haraka ya safari, akamwacha alie.