Kapu Tupu la Asubuhi

Mama yangu alitembea siku moja tu, akaacha.

Nesi Verdiana wa zahanati alikuwa amempima presha akakuta mia na themanini kwa mia na kumi. Akamwambia, "Mama Judica, dawa umeze, chumvi upunguze, na kila asubuhi utembee nusu saa kwa haraka. Mwezi ujao nikikuta bado iko huku juu, nakuandikia rufaa. Sitaki uanguke kama dada yako."

Dada yake, yaani mama yangu mkubwa, alianguka shambani akivuna alizeti. Mpaka leo mkono wake wa kushoto haunyanyuki, na wanamlisha kwa kijiko.

Basi kesho yake mama alivaa raba zangu, akajitanda shuka kwa sababu ya baridi, akatoka. Mimi nilikuwa nakamua ng'ombe, nikamwangalia mpaka alipopotea kwenye kona. Huku kwetu Mogitu mama mtu mzima haendi barabarani mikono mitupu. Anakuwa na jembe, au ndoo, au kuni. Ukimwona anakwenda mbio asubuhi na hana kitu, ujue kuna mtu amekufa. Alipopita kwa Mzee Tomaso, watu wawili walikuwa nyuma yake, mzee mwenyewe mmojawapo. Alipofika kwenye mashine ya kusaga walikuwa sita, na jirani yetu Mama Doris alikuwa na beseni la unga kichwani, unga wa kupeleka msibani.

"Ni nani?" Mama Doris akauliza, machozi yako tayari.

"Nani nini?"

"Aliyefariki!"

"Hakuna aliyefariki. Natembea."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Natembea tu."

Mzee Tomaso alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Rudisha unga, Mama Doris! Marehemu anatembea mwenyewe!"

Mama alirudi nyumbani, akavua raba, akaziweka chini ya kitanda changu. "Sitembei tena," akasema. "Bora hiyo presha."

Sikubishana naye. Mama yangu ukimsukuma anakaa chini. Nikangoja.

Sasa, pale zahanati, kwenye benchi la kungojea, kuna daftari limefungwa kwa kamba pamoja na kalamu. Nesi Verdiana ndiye aliyeliweka. Yeye ni mtu wa Bukoba, na anasema mgonjwa akikaa bure anawaza ugonjwa, presha inapanda hata kabla hajapimwa. Kwa hiyo uandike. Unaandika haiku, shairi fupi la Wajapani, mistari mitatu: silabi tano, saba, halafu tano. Vina havitakiwi. Uandike juu ya mazoezi au juu ya picha ya video unayoipenda, na atakayekuja baada yako akujibu. La kwanza aliandika mwenyewe:

*Miguu yangu*
*inauliza njia,*
*moyo wajibu.*

Chini yake Mzee Tomaso alikuwa amejibu kwa herufi kubwa:

*Ng'ombe wanane*
*nawafuata leo;*
*si mazoezi?*

Mimi niliishia darasa la saba, lakini silabi ni mambo ya darasa la kwanza. Usiku mmoja tulipokuwa tunachambua mahindi kwenye ungo nilianza kupanga punje: tano, chini yake saba, chini yake tano. Mama akatazama.

"Unacheza bao?"

"Naandika picha yako."

Picha yake anaijua kila mtu. Jumapili baada ya misa mama hupita kwenye banda la video la Patriki, na ameshaiona ile mara tatu. Ni ya mama mmoja ambaye mtoto wake amefungwa mji wa mbali, naye anakwenda kwa miguu mpaka anafika. Kila mara mama yangu analia pale pale, kwenye daraja. Nilisogeza punje moja moja nikitamka, na mama akawa ananihesabia. "Hapo umezidisha moja," akasema. Alikuwa sawa.

Jumanne nilikwenda kumchukulia dawa, nikaandika:

*Mama wa picha,*
*mikono mitupu tu,*
*aenda mbali.*

Sikuweka jina. Nikarudi kupalilia.

Jumanne iliyofuata nikakuta jibu, nalo halina jina. Mwandiko umeinama kama mtu aliyeandika kwa haraka asionekane:

*Nabeba unga*
*nikidhani msiba,*
*kumbe uhai.*

Nililinakili kwenye kiganja. Nyumbani nikamsomea mama bila kuongeza neno. Alichukua ungo, akauweka chini tena.

"Huyo ni Fransiska," akasema. Ndilo jina la Mama Doris. "Lakini alikwenda kufanya nini zahanati?"

Jibu lilikuja lenyewe asubuhi. Nilikuwa bado nakamua nilipomwona Mama Doris langoni na kapu kubwa la sokoni.

"Shikamoo, Mama Doris."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie mama yako atoke, tunakwenda mashine."

Mama akatoka, akachungulia kapu. "Mbona halina kitu?"

"Nani atalichungulia zaidi yako?"

"Fransiska."

"Mia na sitini tangu Krismasi," Mama Doris akasema, anaangalia chini. "Sijamwambia mtu, hata Doris. Wewe ulitembea mbele ya watu wote, nikakuletea unga. Vaa raba twende."

Mama alizitoa raba chini ya kitanda changu.

Walikwenda, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa kapu. Nusu saa. Kesho yake tena, na keshokutwa. Walipoulizwa walijibu mashine, au soko, au kanisani kupeleka mayai. Mzee Tomaso aliwauliza mayai gani hayo yanayopelekwa kila siku, wakampita bila kupunguza mwendo.

Mwezi ulipotimia ilikuwa siku ya kupima. Nilipomaliza kazi za boma niliona kapu limeachwa kwenye msumari wa mlango. Nikakimbia mpaka barabarani.

"Mama! Mmesahau kapu!"

"Hatujasahau," mama akajibu bila kugeuka.

Niliwafuata kwa mbali. Watu walitoka milangoni kuwatazama, lakini hakuna aliyebeba unga. Kule zahanati, Nesi Verdiana alimpima mama mara mbili, akavua miwani. "Mia na hamsini kwa tisini na tano. Bado hatujafika, lakini rufaa siandiki. Endelea."

Mama akatoka akakaa kwenye benchi, bega kwa bega na Mama Doris. Akahesabu kwa vidole, midomo inatembea, akaanza upya mara mbili. Halafu akanisukumia daftari.

"Andika," akasema. "Na jina langu uliweke."

*Kapu nyumbani,*
*tumeliacha leo.*
*Na waulize.*