Mtoto wa Wilaya Tatu

Seline alimwachia jirani karai la mgongo wazi, mifupa ya samaki aliyokuwa akikaanga, mafuta yakiwa bado yanaruka, akamfunga mjukuu wake Lornah vifungo vya sweta, wakatoka mtaa wa Obunga kwa miguu hadi Milimani. Lornah hakuwa akisikia tangu augue homa ya uti wa mgongo. Wilaya tatu za kando ya ziwa zilikuwa zimeungana kufungua shule moja ya watoto viziwi, kila wilaya ipeleke na kulipia watoto wake. Leo wakubwa walikuwa wanasherehekea ushirikiano huo hapo Milimani.

Bwana Gichuki, ofisa wa mjini, alikuwa na sambusa mkononi na nyingine shavuni.

"Mama, si nilikuambia? Baba ya huyu mtoto amezikwa Bondo. Kwa mila yenu, mtoto ni wa kwao baba. Enda kwa Bwana Zadock."

Zadock, ofisa wa upande wa Bondo, alitoa kijiti mdomoni. "Mila haitoi kitanda. Analala Obunga, anakula Obunga. Ni wa mjini."

Seline akamgeukia ofisa wa wilaya ya tatu, Laban.

"Mimi? Mimi nimekuja tu mkutano."

Mpiga picha alipofika, ghafla wote watatu walimtaka Lornah. Gichuki alishika bega la kulia, Zadock la kushoto, Laban akachuchumaa mbele na tai yake ikagusa vumbi.

"Cheka, mtoto wetu!" Zadock alimpigia kelele sikioni.

"Hasikii, baba," Seline akasema.

"Ndiyo maana naongeza sauti!"

Picha ikaisha, mikono ikaanguka. Wakaenda kumalizia mbuzi.

Seline hakwenda nyumbani. Mlango wa Land Rover ya Gichuki ulikuwa wazi; akampandisha Lornah, akapanda naye. Maofisa walipotoka wakijipangusa midomo, walimkuta ameketi.

"Mama, shuka!" Gichuki akafoka.

"Sishuki. Mmesema ni mtoto wenu. Tupelekeni shuleni."

"Zadock, mtoe. Ni mtu wako."

"Gari ni lako, bwana."

"Nikimtoa mimi, watasema nimemkubali mtoto ni wa wilaya yangu."

Zadock, aliyekuwa ameshanyoosha mkono kwenye kitasa, akaurudisha haraka mfukoni. Laban alianza kurudi nyuma polepole kuelekea gari lake.

Wakasimama juani, wanaume wazima na matumbo yao, hakuna wa kumgusa.

"Nyakwara," Seline alimwambia mjukuu wake kwa mikono, "zungusha hii, kioo kipande. Vumbi linaingia."