Mwewe Kumi na Tisa Waliozidi

Siku tatu mfululizo hesabu za mawifi wawili zilikataa kukutana, na Mtaalamu wa ndege alikuwa amechoka kufuta kurasa kwa kalamu nyekundu.

Kila machipuko mwewe walipita juu ya mlima ule wakielekea kaskazini. Sheria ya kituo ilikuwa kwamba wahesabu watu wawili, kila mmoja na kidude chake cha kubonyeza, bila kusemezana. Saa kumi na moja jioni namba zinalinganishwa. Zikipishana kwa zaidi ya watano, siku nzima inafutwa.

Kwenye benchi la kibandani alikaa Mama Vifaranga, mjane aliyefuga kuku tangu alipoolewa. Kwenye kigoda karibu na mwamba alikaa wifi yake, dada wa marehemu, fundi wa kushona sare za shule. Na kila jioni hesabu ya mjane ndiyo iliyokuwa pungufu.

Jioni ya siku ya tatu Mtaalamu alimwita mjane pembeni akamwambia kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa habari, kwamba zikikataa tena itabidi apumzike, bawabu wa shule akalie benchi. Mjane aliitikia tu. Hakumwambia kwamba tangu azike mumewe benchi lile ndilo lililomtoa ndani. Kwamba kule juu, akiwatazama viumbe wa Mungu wakipita bila kugombania njia, kifua kilikuwa chepesi. Alfajiri yake alisali akaomba macho yake yasimwangushe. Akaomba pia, kwa sauti ya chini zaidi, wifi akosee kidogo. Kisha akaomba msamaha kwa hilo la pili.

"Wifi, macho yako kaka yangu kaondoka nayo," fundi alimwambia wakipanda mlima.

"Kaniachia masikio. Ndiyo maana nakusikia."

Jioni ikafika. Mjane: mia mbili na kumi na wawili. Wifi: mia mbili thelathini na mmoja. Mtaalamu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa mtu asiyejua kufukuza watu. Mjane, ambaye alishaanza kukunja blanketi lake, akauliza kwa kutaka kujua tu:

"Wifi, na yule mwizi umemhesabu?"

"Mwizi gani?"

"Yule mwenye pengo kwenye bawa la kushoto. Anayezunguka mwamba."

Wifi akasema yeye alitumwa kuhesabu mwewe, tabia zao hakuziulizia. Mtaalamu akaacha kufuta miwani.

Mjane akaeleza, huku akishangaa kwamba kuna mtu wa kuelezwa. Huyo si msafiri. Huu mwaka wa tatu anaishi nyuma ya mwamba, ana mke, na amemlia vifaranga kumi na mmoja na jogoo mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuwika. Kutwa anapiga doria: anatokea kulia, anapotelea kushoto. Kumhesabu yeye ni sawa na kumhesabu bawabu kila anapopita getini. Hakusema mapema kwa kuwa alidhani kila mtu anamjua.

Wakasimama wote watatu wakingoja. Hazikupita dakika kumi, akatokea kulia, pengo lake linaonekana kama jino lililong'oka. Wifi, kwa mazoea, akabonyeza. Ndege akapotelea kushoto. Baada ya kitambo akatokea tena kulia, hana wasiwasi na mtu. Wifi akakitazama kidole gumba chake, akakitia mfukoni.

"Kumi na tisa wote ni yeye?" Mtaalamu aliuliza.

"Leo alikuwa mvivu. Juzi alipita mara ishirini na mbili."

Mtaalamu akafungua daftari ukurasa wa juzi, akatoa namba moja kwenye nyingine, akakaa chini juu ya jiwe. Halafu akaanza kuziandika upya zile siku zote alizozifuta.

Mjane akamwonea wifi huruma. Akasema na yeye ana kosa lake: jana alimswaga mwizi kwa mtandio, kundi la wasafiri likashtuka na kugeukia bondeni. Aliandika tisa. Huenda walikuwa kumi. Mtaalamu akasema tisa ibaki, ila kuanzia leo mtu asipunge nguo mlimani.

Asubuhi yake benchi lilikuwa bado la mjane. Wifi akakiburuta kigoda mpaka miguuni pake, sheria ya kutosemezana akaiacha palepale kilipokuwa. Kila bawa lilipotokea, alimgusa goti.

"Wifi, huyu ni wa kwenu?"

"Mpita njia. Bonyeza."