Andazi la Aibu

Andazi moja lilibaki katikati ya meza, limelala kwenye asali, na kila mmoja wetu alijifanya halioni. Kwetu Podgorica kipande cha mwisho huitwa cha aibu. Mwenye adabu hakigusi.

Mchana ule wa Jumapili kaka yangu Obrad alitualika, mimi na shangazi Koviljka, kwenye mkahawa mpya kando ya mto, ambako mapishi ya mama zetu huletwa katika visahani vya kula pamoja. Tulikuwa tumekula nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, jibini ndani ya mafuta, na ugali uliopondwa na viazi.

"Huu ni ugali au dawa ya kikohozi?" shangazi aliuliza, akikipima kiganjani kile kisahani kidogo.

Tulicheka. Kisha Obrad akafuta midomo.

"Dada, kesho kwa mwanasheria utasema lile neno, basi. Halafu tunakunywa kahawa."

Neno lenyewe kila binti kwetu analijua: sitaki kitu, nyumba ni ya kaka yangu. Nyumba niliyomuuguzia mama hadi akafumba macho. Nyumba ambamo bado nilikuwa nikilala.

"Mimi nilimwachia baba yako nyumba ya wazazi wetu," shangazi alisema. "Kwani nilikufa?"

"Hukufa, shangazi," nilimjibu. "Umezeekea chumba cha kupanga."

Akageuka, akatazama mto.

Mimi nilikuwa nikilitazama andazi. Utotoni, wageni walipoondoka, kipande cha aibu kilirudi jikoni, na mama, bila hata kufikiri, alikitia kinywani mwa Obrad. Yeye alipata andazi, mimi nikabaki na adabu.

Nikanyoosha mkono. Nikalichukua, nikalizungusha kwenye asali yote iliyosalia, nikala taratibu.

"Senka!" Obrad aligeukia meza za jirani. "Watu watasema nini?"

"Watasema dada yako alikuwa na njaa. Kesho nitakuja, kaka. Nitasema nataka nusu yangu."

"Mama angeona haya."

"Labda. Mimi sioni."

Mhudumu alikuja kuondoa vyombo. Shangazi Koviljka alimzuia kwa kiganja, akakivuta kisahani cha ugali, ambacho kilikuwa na kijiko kimoja cha mwisho, akakikomba mpaka kikang'aa.