Kugeuza Gari Darajani

Ili nikabidhiwe ukaazi wa kudumu wa Kanada, tulivuka daraja hadi kwa Wamarekani, tukageuza gari palepale, tukarudi upande wa Kanada, ambako afisa wa mpakani hukamilisha makaratasi papo hapo. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya sisi wake tuliodhaminiwa na waume zetu tukichoka kungoja wito wa ofisi ya uhamiaji.

Afisa wa Kanada akanitazama, kisha akamtazama mume wangu Gurtej, aliyekuwa akitafuna chapati za viazi nilizompikia.

"Mdhamini wako ndiye huyu. Akikuacha kesho utalishwa na nani, mama?"

Tangu Gurtej aumie mgongo, lori lake naendesha mimi na jikoni naingia mimi.

"Muulize yeye," nikamwambia. "Nikimwacha mimi, atalishwa na nani?"

Gurtej akameza tonge haraka. "Afande, piga muhuri upesi, kabla hajaghairi."